Malizia Sura

Mwinjilisti aliyetufundisha kipaimara kule Kituntu alikuwa na sheria moja ambayo hakumlegezea yeyote: hakuna kusema lolote juu ya mstari kabla sura haijasomwa yote, kwa sauti, toka juu hadi chini. Ungeweza kuchelewa kwa sababu ulitumwa maji, akakusamehe. Ungeweza kusahau maelezo ya Amri ya Nane, akakupa wiki nyingine. Lakini ukinyoosha mkono katikati ya sura alikutazama tu, akasema, "Malizia sura, mwanangu," na msomaji akaendelea.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Karagwe ilikuwa bado wilaya moja. Kyerwa ilikuja kumegwa 2012. Dayosisi yetu ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) nayo ilikuwa changa, imezaliwa 1979 kutoka Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, na sisi wa mitaani tulimwona mchungaji kwa nadra. Kazi ya kila siku ilikuwa ya mwinjilisti: ibada, mazishi, watoto wa Jumapili, darasa la kipaimara siku ya Jumamosi. Wetu alikuwa mkulima kama wazazi wetu. Alikuja darasani tope la kibanja likiwa bado kwenye kandambili, Biblia yake kaifunga kwa kitambaa, jalada limeshonwa upya kwa uzi wa gunia la kahawa. Biblia zilikuwa chache kuliko vichwa vyetu, kwa hiyo kusoma kwa sauti kulikuwa lazima hata kama asingependa. Ila yeye alipenda.

Saa za kwanza zilikuwa za Katekisimu Ndogo, na hiyo tuliikariri. Martin Luther aliiandika 1529, baada ya kukagua sharika za Saxony na kukuta Wakristo waliobatizwa ambao hata Baba Yetu hawaijui. Aliwaandikia wenye nyumba ili waifundishe mezani, na kila amri akaifuatisha na swali la kuuliza maana. Siku hizi wapo wanaodharau kukariri. Mimi siwezi. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha baba yangu hospitalini, yeye hasikii tena vizuri na mimi sina la kusema, maneno yaliyonitoka mdomoni yalikuwa yale ya darasani, yamenyooka, kama nilivyoyapokea. Mtu aliyechoka hawezi kutunga sala. Anahitaji aliyowekewa tayari.

Lakini baada ya katekisimu zilikuja sura, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Uzito wa sheria ile hauonekani bila kuikumbuka miaka yenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa rasmi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera, mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujapata jina la serikali, watu waliuita Juliana, kwa jina la mashati ya mtindo yaliyovushwa kutoka Uganda, kwa kuwa waliotangulia kuugua walihesabiwa kuwa watu wa biashara ya mpakani. Ukishaupa ugonjwa jina la shati la magendo, umekwisha kumhukumu mgonjwa. Tulizika sana. Kuna majuma darasa la shule lilikuwa nusu tupu kwa sababu watoto wako msibani, na mara nyingi msiba ulikuwa wa kwao wenyewe. Bibi waliokuwa wameshalea wakamaliza walianza upya kulea wajukuu.

Katika mazishi mojawapo alisimama mhubiri mgeni, akafungua Kumbukumbu la Torati 28, akasoma mistari ya laana inayotaja magonjwa, akaeleza kwamba mambo yanajieleza yenyewe, akakaa. Mjane alikuwa ameketi hatua chache kutoka kaburini, mtoto mgongoni. Hakuna aliyebisha. Msibani hakubishwi, na mwenye Biblia mkononi habishwi popote.

Mwinjilisti wetu hakusema kitu siku ile. Jumamosi iliyofuata alitwambia tufungue kitabu cha Ayubu. Mahubiri mengi huchukua sura mbili za mwanzo na ile ya mwisho: mtu alikuwa tajiri, akapoteza, akavumilia, akarudishiwa maradufu. Sisi tulisoma sura zote 42, Jumamosi baada ya Jumamosi, mvua zikaja zikaisha. Kwa watoto ilikuwa safari ndefu. Rafiki zake Ayubu wanasema, Ayubu anajibu, wanasema tena, anajibu tena.

Katika sura ya nne Elifazi anatoa hoja kwamba hajaona asiye na hatia akiangamia, na kwamba wapandao ubaya ndio wauvunao. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake alikuwa amezikwa mwaka huo, aliyanakili maneno hayo kwenye daftari lake kwa mwandiko wa kujitahidi. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, kumbe ni kweli?" Jibu tulilijua wote: malizia. Tukamaliza sura, na safari hii hata baada ya sura mwinjilisti hakujibu. Alisema kitabu bado hakijasema.

Tulipofika sura ya 42, mstari wa saba, Mungu anamgeukia Elifazi. Anamwambia kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa maana hawakusema yaliyo sawa juu ya Mungu kama Ayubu alivyosema. Ayubu, yule aliyelalamika, aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake, aliyetaka kumpeleka Mungu mahakamani!

Mwinjilisti akamwambia yule mwenzetu afungue daftari lake. "Hayo uliyoandika hapo ni ya nani?"

"Ya Elifazi."

"Na Mungu amesemaje juu ya Elifazi?"

Mtoto alitazama daftari, akatafuta kifutio. Mwinjilisti akamzuia mkono. "Usifute. Yamo kwenye Biblia, na yatabaki humo. Andika pembeni jina la aliyeyasema."

Sijapata somo jingine la Biblia lililonifaa maishani kupita hilo la kuandika pembeni jina la msemaji. Biblia ina wasemaji wengi. Ndani yake Farao anasema, wapelelezi waoga wanasema, Kayafa anasema. Shetani naye, katika Mathayo 4, anamnukulia Yesu Zaburi ya 91. Mtu anaweza kuhubiri mwaka mzima kwa mistari ya Elifazi peke yake, mahubiri mazuri ya kuitikiwa amina, bila kujua kwamba ananukuu upande uliokemewa. Mstari hautamwambia. Sura ya 42 ndiyo itakayomwambia, akifika.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza sheria yake aliipata wapi. Nilidhani atanitajia chuo cha Biblia. Alicheka, akasema aliipata barazani: shahidi akikatizwa kabla hajamaliza, kesi imekwisha kuharibika, hata kama mzee wa baraza ana hekima namna gani.

Namba zenyewe za sura na mistari zilichelewa sana kuja. Sura tunazozijua ziligawanywa katika karne ya 13, kazi inayohusishwa na Stephen Langton, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Namba za mistari ya Agano Jipya zilitiwa 1551 na mchapaji wa Ufaransa, Robert Estienne. Mtume Paulo aliandika barua za kusomwa mbele ya watu waliokusanyika, mwanzo hadi salamu za mwisho. Namba ziliwekwa ili msomaji apate mahali upesi. Hazikuwekwa kumwonyesha mahali pa kuacha.

Shule yangu ya pili ilikuwa ya bibi mzaa mama. Hakujua kusoma. Alikuwa mtu wa Uamsho, wale ambao Uganda waliitwa Balokole. Uamsho huo ulianzia Gahini nchini Rwanda na Kampala, ambako mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja juu ya maandiko, na katika miaka iliyofuata ulivuka mipaka ukaingia Kagera. Askofu Josiah Kibira, Mhaya aliyechaguliwa 1977 jijini Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni, naye alikuwa mtu wa Uamsho. Kwa hiyo kina bibi wa vijijini na askofu wa dunia nzima walisoma kwa namna moja: Neno likisomwa, swali la kwanza ni linaniambia nini mimi, na ninapaswa kurudisha nini, kwa nani. Watu wa Uamsho walirudisha vitu kwelikweli. Jembe lililoibwa zamani lilirudi. Mtu alikwenda kwa jirani kukiri kwamba alisogeza mpaka wa shamba.

Bibi alinisomesha sura jioni, yeye akiwa anamenya ndizi. Nikiruka neno, kisu kilisimama. Alikuwa amesikia Injili ya Luka mara nyingi mno. Nisingeweza kumdanganya hata kwa mstari wa orodha ya mababu. Nikimaliza, alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo moja la siku yake mwenyewe: leo nimemjibu vibaya fulani. Hakunihubiria hata mara moja. Mimi nilikuwa msomaji wake tu, na katika kumsomea nikajua kwamba kitabu hiki kinaruhusiwa kumuuliza mtu mzima maswali.

Hata hivyo Uamsho ulikuwa na upungufu wake, na niliuona vizuri jumuiyani. Ulijua sana dhambi ya mtu mmoja: wizi, uzinzi, pombe, ulimi. Dhambi ya mkataba, ile inayofanywa na watu wawili kwa hiari, mmoja akiwa na shida na mwingine akiwa na fedha, haukujua uiwekee mkono wapi.

Kwetu dhambi hiyo ina jina: butura. Mkulima anauza kahawa ikiwa bado maua mtini. Ada ya mtoto inadaiwa, au mgonjwa yuko hospitalini, au msiba umeingia. Mvuno uko mbali. Anakwenda kwa mwenye fedha, wanakubaliana magunia, anapewa sehemu ndogo ya thamani yake. Msimu ukifika anachuma, anaanika, anakausha maganda, na magunia yanaondoka na mwingine. Mwaka unaofuata hana fedha kwa sababu mwaka uliopita hakuwa na kahawa, kwa hiyo anauza maua tena. Serikali imepiga marufuku butura. Vyama vya msingi vya ushirika na chama kikuu, KDCU, vipo ili mkulima auze kwa uzani na kwa bei inayojulikana. Butura inaendelea, kwa sababu inafanyika usiku na kwa sababu shida haisubiri msimu.

Jumuiya yetu ilikutana nyumba kwa nyumba. Wakati huo tulikuwa tunaezeka kanisa, na katika kuchangisha bati kitabu cha Nehemia kilikuwa kimesomwa sana. Kwetu Nehemia alikuwa mtu wa ujenzi. Sura ya 2, tuondoke tukajenge. Sura ya 4, mkono mmoja kazini na mwingine kwenye silaha. Kisha mnada, mkungu wa ndizi unanadiwa, jogoo ananadiwa, fedha za bati zinaingia. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja aliyepitia darasa lilelile la kipaimara, akasema tuendelee na kitabu mpaka kiishe, tusiishie kwenye matofali.

Sura ya 5 tuliisoma nyumbani kwa mjane mmoja ambaye kila mtu alijua kahawa yake imekwisha kuuzwa. Ukuta unajengwa, na ghafla panatokea kilio, na hakitoki kwa adui wa nje. Watu wanasema wameweka rehani mashamba yao, mizabibu yao na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa fedha za kodi ya mfalme, na binti zao wamekwisha kutwaliwa kuwa watumwa. Waliowakopesha ni ndugu zao Wayahudi, haohao wanaojenga nao ukuta. Nehemia anakasirika sana, anashauriana na moyo wake, kisha anawakabili wakuu mbele ya mkutano wote. Wao wananyamaza, hawapati la kusema.

Msomaji alipofika pale pa kunyamaza, na sisi tulikuwa tumenyamaza. Chumbani alikuwamo mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema, mtoaji mkubwa wa bati, ambaye magunia ya mjane yule yalikuwa yake. Hakuna aliyemtazama, na kila mtu alijua kwamba hakuna anayemtazama. Sura ikamalizwa. Ni yeye aliyesema kwanza.

"Mtu anakuja kwangu usiku, mtoto wake anaumwa. Nimfukuze?"

Swali lilikuwa la haki, na kama tungekuwa tumesoma mstari mmoja tu wa kukemea, tungelijibu kwa kelele. Mama mwenye nyumba ndiye aliyejibu, kwa upole, akiwa anamimina chai. "Usitufukuze, Mzee. Tukopeshe. Kukopesha na kununua maua ni mambo mawili."

Ningependa kuandika kwamba alirudisha magunia palepale, kama wakuu wa Yerusalemu walivyokubali kurudisha mashamba siku ileile. Hakurudisha msimu ule. Alichofanya ni kuweka fedha ya kwanza katika mfuko wa dharura ambao jumuiya ilianzisha miezi michache baadaye, wa kukopesha kwa ajili ya ugonjwa na ada, na marejesho ya fedha ileile baada ya mavuno. Mfuko ule ulikuwa na taabu zake. Wapo waliokopa wasirudishe, na mara moja ulikaribia kukauka. Lakini baadhi ya nyumba zilipitisha mwaka bila kuuza maua, na ya mjane yule ilikuwa mojawapo. Uamsho ulikuwa umetufundisha kurudisha jembe. Nehemia 5, ikisomwa hadi mwisho katika nyumba ile, ilitufundisha kuuliza bei ya gunia.

Ndiyo maana nasema malezi ya kiroho yana sehemu mbili, na ya pili husahaulika. Ya kwanza ni kusoma hadi mwisho. Ya pili ni kusoma pamoja na yule ambaye sura inamhusu. Niliwahi kusoma Mathayo 20 peke yangu, habari ya mwenye shamba aliyelipa wa saa kumi na moja sawa na wa alfajiri, na nikaielewa kama fundisho la neema. Nilipoisoma na kina mama wanaofanya vibarua vya kuchuma kahawa, hawakuanzia kwenye malipo. Walianzia kwenye mstari wa saba, pale wale waliosimama mchana kutwa wanapojibu kwamba hakuna aliyewaajiri. "Hao hawakuwa wavivu," mmoja alisema. "Mimi najua kusimama mpaka saa kumi na moja. Kunachosha kuliko kuchuma." Neema haikupungua kwa maneno yake, ilipata sababu. Mwenye shamba alimlipa mtu chakula cha siku nzima kwa kuwa tumbo lake nalo lilikuwa la siku nzima.

Jirani zetu Wakatoliki walifika hapohapo kwa njia yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya 1965, ulitaka waamini wote wafunguliwe maandiko kwa wingi, na maaskofu wa Afrika Mashariki wakaweka jumuiya ndogo ndogo kuwa njia yao ya kichungaji. Shangazi yangu aliyeolewa upande huo alisoma Injili ileile katika jumuiya yake. Tukikutana kwenye msiba tulikuta kwamba yeye na mimi tumesikia maswali yaleyale ya ada, ardhi na wagonjwa, kwa sababu waliosoma nasi walikuwa na maisha yaleyale.

Sasa mistari inaingia kwenye simu kabla ya jua kutoka. Ule wa Jeremia 29, wa kumi na moja, nauona kwenye kanga, kwenye vioo vya magari, kwenye salamu za siku ya kuzaliwa: Mungu ana mawazo mema juu yako. Ni kweli anayo. Lakini mstari ulio juu yake unataja miaka sabini, na barua yenyewe iliandikiwa mateka waliokuwa Babeli, ambao wengi wao wangefia hukohuko. Waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee mema mji uliowateka. Mwenye kusoma mstari peke yake anasubiri gari. Mwenye kusoma sura anapanda mti ambao wajukuu wake ndio watakaouchuma, na hilo mkulima wa kahawa hahitaji kufafanuliwa.

Nikiulizwa na vijana wanaofundisha vipaimara leo waanzie wapi, huwaambia wasitafute vitabu vya mbinu kwanza. Wachague kitabu kimoja cha Biblia na wakipitie chote, pamoja na sura zisizohubirika. Wamruhusu mtoto auhifadhi mstari moyoni, na aandike pembeni nani aliyeusema. Na mara mojamoja wahamishie somo nyumbani kwa mtu ambaye sura itamgusa, waketi kwenye mkeka wake, wamwache aseme.

Kuhusu Nehemia, nina neno kwa wanaopenda sura ya 8. Ni sura nzuri: Ezra anasimama juu ya mimbari ya mti, anasoma torati toka mapambazuko hadi adhuhuri, Walawi wanawaelewesha watu, watu wanalia kisha wanaambiwa wale na kunywa na kuwapelekea wasio na kitu. Kila kanisa lingependa kuwa na Jumapili kama hiyo. Lakini tazama mpangilio wa kitabu: ukuta unakamilika katika sura ya 6, na madeni yanaachiliwa katika sura ya 5. Anayeitaka ya nane apitie ya tano.